Mawakili wa Alhamisi

Nilianza kujitolea kwa sababu ya barua. Nchi ile ina ada moja ya ajabu: mtu aliyeendesha duka la vitenge Kariakoo, akapambana na wapangaji wa jirani, mgambo wa manispaa na mashemeji, na wote akawamudu, akifika Toronto anaambiwa hana uzoefu. Kazi anaijua, hawakatai. Anachokosa ni uzoefu wa Kikanada. Na dawa ya upungufu huo ni kufanya kazi bure mahali fulani mpaka mtu akuandikie kwamba unaweza kufanya kazi. Nimenunua na kuuza tangu nina meno ya utoto, sijaona biashara iliyoelemea upande mmoja kama ile. Nikaiingia macho wazi.

Ofisi iliyonipokea ilikuwa chini kabisa ya jengo la jumuiya katikati ya mji, ngazi kadhaa chini ya usawa wa barabara, hivyo dirishani ulikuwa unaona viatu tu. Iliwahudumia wanawake wa watu wa asili ya nchi ile, wale waliokuwapo kabla yetu sote kufika na masanduku yetu, waliopigwa na waume au wapenzi wao na kutaka msaada wa sheria. Kila Alhamisi mchana mawakili wa kujitolea waliteremka kutoka maghorofa ya vioo ya mtaa wa mabenki kuja kuwasaidia. Kazi yangu ilikuwa chai, viti, funguo, na gari: kumpeleka mwanamke mahakamani na kumrudisha alikolala bila kufuatwa na mtu. Viti nilivihesabu mara mbili, na watu waliovikalia mara mbili pia. Ni mazoea ya soko. Mara ya kwanza unahesabu unachokiona, mara ya pili unahesabu kilichojificha nyuma yake.

Mratibu wa ofisi alikuwa mama wa makamo, naye mmoja wa watu wa asili, mwenye sauti ya chini na macho ambayo huwezi kuyadanganya.

"Umekuja kwa ajili ya barua," aliniambia siku ya kwanza.

"Nimekuja kusaidia."

"Wote huja kusaidia. Nakuuliza wewe umekuja kwa nini."

"Barua."

"Vizuri. Angalau ninajua utaondoka na nini. Chai iko kule, Anti."

Wale watu humwita Anti mwanamke yeyote aliyekwisha kuzoea maisha, sawasawa na sisi. Nikajiona nimefika penye adabu. Barua nilipewa kabla ya majira ya joto, ikanipatia kazi ya mshahara kwenye ghala moja kule North York, na Alhamisi nikaendelea kwenda. Nilijiambia ni kwa sababu chai yao ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri.

Sasa mawakili. Walikuja wawili wawili, wamevaa makoti ya sufu, na mmoja wao lazima asome kwanza kwenye simu yake maneno ya kutambua kwamba tumekaa juu ya ardhi ya mababu wa wenyeji. Aliwasomea wenyeji wenyewe. Sijui kama umewahi kuona mtu ameingia nyumbani kwako, akakaa kwenye kochi lako, akatoa karatasi na kukusomea kwa huzuni kwamba kochi ni lako, kisha akaomba maziwa ya chai. Kule ilikuwa kila wiki.

Ubaya wao mkubwa haukuwa huo. Ubaya wao mkubwa ulikuwa zamu. Makampuni yao yaligawana Alhamisi, na ndani ya kampuni wakagawana tena, ili kila wakili apate nafasi ya kutenda wema na asichoke nao. Wakili uliyemwona wiki hii humwoni wiki ijayo, wala ile inayofuata. Mwanamke akija na kesi yake, anakuta uso mpya, kalamu mpya, na maneno yaleyale: "Nieleze tangu mwanzo." Hata fundi wa suruali Kariakoo, mwizi wa vitambaa asiye na haya, anakumbuka bega lako lipi limeshuka.

Katikati ya majira ya baridi ya mwaka mmoja akaingia dada mmoja kutoka kaskazini, amewashika mikono binti zake wawili. Kijiji cha kwao kilikuwa mbali kiasi kwamba barabara inakwisha njiani, na baridi ikikaza watu hutengeneza nyingine juu ya maziwa na mito iliyoganda, wakapitisha magari juu ya barafu. Barafu ikilainika, barabara inafungwa, na kinachobaki ni ndege ndogo. Alikimbia na wanawe akafikia kwa dada yake Toronto. Mume akafuata. Hakuja na rungu. Alikuja na wakili, na ombi lililovaa vizuri: anataka awe na watoto mwisho wa wiki, awapeleke wakamwone bibi yao, amrudishie mama yao Jumapili.

Yule dada alitueleza jambo moja tu, na hakulibadilisha hata mara moja. "Akiwapandisha kaskazini, barabara itafungwa. Kule polisi ni binamu yake. Wanangu sitawaona tena mpaka yeye atake."

Alichotaka mahakamani kilikuwa hicho: watoto wabaki naye, wasipandishwe kaskazini. Mawakili wa kulipwa na serikali aliowapigia walikuwa wamejaa. Zikabaki Alhamisi zetu.

Wiki ya kwanza alimsimulia wakili mmoja kijana, wa kike, aliyelia kabla yake, ikabidi yule dada ampe kitambaa. Wiki ya pili alimsimulia mwingine, safari hii kwa haraka, kama kondakta anayetaja vituo. Na alikuwa akicheka. Alipofika kwenye habari ya mume kumfungia nje usiku wa barafu akiwa na soksi tu, alisema, "Nikagonga kwa jirani. Jirani akaniuliza, umekuja kuazima viatu?" Akacheka mpaka akashika meza. Mratibu naye akacheka. Nami nikacheka, kwa sababu nimetoka kwenye watu wenye watani. Kwetu mtani anaweza kuingia msibani, akalala kwenye mkeka kando ya maiti, akadai kwamba marehemu anajifanya ili akwepe kulima, na mfiwa atacheka huku machozi yanamtiririka, na hapo ndipo kifua kinapata nafasi. Hakuna anayetoka pale akisema mfiwa hana uchungu.

Wakili wa wiki ile hakucheka. Aliandika. Wiki ya tatu mwingine alipofungua jalada, alisoma kilichoandikwa, akanyanyua uso taratibu kama daktari mwenye majibu mabaya. Mwenzake alikuwa ameandika kwamba mteja anacheka isivyofaa na haoneshi woga.

Nimeshuhudia wajinga wengi, wengine nimeolewa katika ukoo wao, lakini ujinga wa kusomea ni kitu kingine. Mtu amelipa ada ya chuo miaka chungu nzima ili aje atazame mwanamke anayejizuia kuanguka kwa kutumia kicheko, kisha aandike kwamba anaona mtu mwenye furaha.

Na yule wa wiki ya tatu akatoa ushauri. "Ukikataa kabisa utaonekana mgumu," alimwambia. "Majaji wanapenda mzazi mwenye ushirikiano. Labda tukubali mwisho wa wiki mmoja, tuone."

"Tuone nini?" aliuliza yule dada.

"Tuone itakavyokwenda."

"Najua itakavyokwenda. Itakwenda kaskazini."

Akaikataa kalamu aliyopewa asaini, akaisukuma pembeni kwa kidole kimoja. Wakili akasema basi jambo hilo litazungumzwa na mwenzake wiki ijayo, akavaa koti lake.

Wikiendi ile nilikuwa na kikao cha arusi North York, kwenye ukumbi wa watu wa nyumbani. Mheshimiwa mmoja wa jumuiya yetu, mwenyekiti wa kila kitu kinachokaliwa, aliniona nikimimina soda akapaza sauti.

"Dada, nasikia siku hizi unahudumia walevi wa mtaani?"

"Walevi nimewakuta hapa, Mheshimiwa. Kule tunakunywa chai."

Meza ikacheka. Yeye akacheka pia, kwa shida. "Nakutania. Ila mambo ya mume na mke, sisi tunayamaliza kikaoni. Hatupeleki kwa Wazungu."

Nilivijua vikao vyake. Mwanamke anaitwa, anaelezwa thamani ya subira, anapewa doti ya khanga. Mwanamume anapewa kiti cha mbele. Pale ukumbini waliokuwa wamevaa zile khanga za subira niliwahesabu kwa macho, nikarudia kuwahesabu, nikaacha. Nilimwambia tu kwamba soda yake imepoa. Unaweza kuwadharau watu wawili ndani ya wiki moja, lakini kuwajibu wote ni kazi ya kutwa.

Alhamisi iliyofuata akateremka mkubwa. Mshirika mzima, mmoja wa wenye kampuni ya mawakili, mwanamume wa nywele za fedha, amevisha viatu vyake vifuniko vya mpira visiguswe na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hakuja kwa ajili ya kesi. Alikuja kutazama kampuni yake inavyotenda wema. Akamweka mratibu pembeni, karibu na birika langu, akamwambia kwamba kila mwaka kampuni yao hufanya chakula cha jioni kuwaenzi wanaojitolea. Wangependa mmoja wa wanawake aje aseme maneno machache. Kisha akapunguza sauti, kwa unyenyekevu wa mtu aliyeufanyia mazoezi: alikuwa amesikia kwamba watu wa asili humheshimu mtu kwa kumfunika blanketi mabegani, na kama lingekuwa jambo linalowezekana, basi kwake yeye lingekuwa na maana kubwa sana.

Mratibu alinyamaza. Nilikuwa nimekwisha kumjua. Ukimya ule ulikuwa unaelekea mlangoni, na mkubwa angetoka nao. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu nilichokaa nikikitazama miaka mingi nyuma ya meza ya vitenge: uso wa mteja aliyekwisha kukipenda kitambaa na anajifanya anapita.

"Bosi," nikamwambia, "chai?"

"Ahsante, hapana."

"Mzigo bado haujashushwa, tayari tunazungumzia shukrani?"

Alinitazama kama birika limesema. "Samahani?"

"Yupo dada pale ana kesi. Amewasimulia mawakili watatu. Leo ni wa nne."

"Ndiyo, sisi tunafanya kazi kwa zamu. Ni haki kwa wote."

"Naelewa. Walinzi pia wana zamu. Lakini nauliza tu, mimi mgeni: hilo blanketi tutamfunika nani? Zamu haina mabega."

Nikamimina chai ambayo hakuiomba, nikaweka sukari. Mteja wa namna hiyo humkimbilii. Unakunja kitambaa pole pole, unatazama upande wa pili, unamwacha apigane na nafsi yake. Mratibu, Mungu ambariki, alitazama dirishani viatu vikipita.

"Nadhani," alisema mkubwa, "jalada hili ningeweza kulichukua mimi mwenyewe."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka amri itolewe."

"Na mahakamani uende wewe mwenyewe, si kijana wako."

"Mimi mwenyewe."

"Kesi kwanza," nikamwambia. "Hayo mengine ni ya baadaye."

Alipokwenda kumsalimia yule dada, mratibu alinigeukia. "Anti. Umemwahidi blanketi letu?"

"Sijaahidi kitu. Nimemwonyesha duka lilipo. Kama liko wazi au limefungwa, hakuniuliza."

Alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Tulipomweleza yule dada, alitukazia macho. "Mmeniuza?"

"Tumemnunua yeye," nikasema. "Wewe hukutajwa kwenye bei."

"Na hilo blanketi, ni la kwangu kulitoa?"

"La kwenu. Si la kwangu kuligawa," nilimwambia, na hapo sikuwa na mzaha.

Nimpe mkubwa haki yake, maana simpunji hata ninayemdharau: kazi aliijua. Hati ya kiapo aliiandika upya yote, ikanyooka. Alimwuliza yule dada juu ya barabara ya barafu, akaiweka ndani. Tarehe ikapatikana haraka, kwa sababu sauti yake ilijulikana kwenye simu za mahakama. Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni kile kicheko alichokisoma jaladani.

"Jaji anaweza kukuuliza swali moja kwa moja," alimwambia siku ya maandalizi. "Tafadhali, usicheke. Ukihisi kinakuja, fikiria jambo la kuhuzunisha."

Yule dada alimtazama kwa upole. "Kama lipi?"

Mratibu ndiye aliyeanza kucheka. Mimi nikafuata, na yule dada wa mwisho, kichwa juu ya meza. Wanawake watatu wazima tumekaa chini ya barabara tunafuta machozi, na bwana mkubwa katikati yetu akipanga karatasi zake ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa.

Siku ya mahakama nilimchukua yule dada mapema. Watoto walibaki ofisini na mratibu. Hewa ilikuwa imeanza kulegea, theluji pembeni mwa barabara imegeuka uji mweusi, na kila tone lililodondoka kwenye paa la gari alilisikia. Kwa mtu mwingine Toronto zile zilikuwa habari njema. Yeye alikuwa akitazama matone kama mtu anayetazama saa.

Mahakamani mume alikuwa amekaa upande wa pili, ameoga, amechana nywele, sweta jipya. Mtu wa kawaida kabisa. Huwa ni watu wa kawaida. Wakili wake alizungumza vizuri sana juu ya bibi mwenye upendo, mila, lugha, na umuhimu wa watoto kukanyaga ardhi ya kwao. Yote yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililoniudhi: alichukua kila kitu ambacho yule dada mwenyewe alikililia usiku, akakifanya kamba ya kumfungia.

Mkubwa akasimama, akasema yake kwa ufupi. Kisha jaji, mwanamke wa miwani, akamgeukia yule dada.

"Unamwogopa mumeo?"

Akacheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini chumba kilikuwa kimya na kilitosha. Masikio ya mkubwa yalipanda rangi. Mikono yangu ikashika ubao wa benchi. Nilifikiri, basi, zile kalamu za Alhamisi zimeshinda.

"Samahani, Jaji," alisema yule dada. "Ni kama kuniuliza iwapo baridi ni kali. Nimemwogopa mpaka nimezoea. Sikuja hapa kwa ajili ya hilo. Nimekuja kwa sababu akiwachukua wikiendi hii, barabara itafungwa nyuma yao."

Jaji hakuandika kitu kuhusu kicheko. Alimtazama wakili wa mume. "Barabara hiyo inafungwa lini?"

Wakili akapekua karatasi. Hakujua. Mume, aliyekuwa amekaa kwa adabu asubuhi nzima, akaona swali jepesi limekosa mtu wa kulijibu. "Inategemea," alisema. "Wiki hii, labda ijayo." Wakili wake akamgusa mkono. Alichelewa.

"Na ikifungwa watoto wakiwa huko?"

"Si watakaa tu?" alisema mume, akainua mabega. "Ni kwao."

Wakili wake alifumba macho. Nimeona wauzaji wakifumba macho hivyo mtoto wa duka anapomtajia mteja bei ya jumla.

Amri ilitolewa kabla ya chakula cha mchana. Watoto wabaki na mama yao. Wasitolewe mjini bila idhini ya mahakama. Baba atawaona kwenye kituo maalumu, mtu wa kusimamia akiwepo. Yule dada aliuliza kama inaanza leo. Jaji akasema imekwisha kuanza.

Nje kwenye korido mkubwa alikuwa amekua kwa urefu. "Mmeona?" alisema, akitutazama kwa zamu. "Nilimwambia awe yeye mwenyewe. Ukweli una sauti yake."

Kuna wakati unamwachia mteja aamini amekupunja, mradi pesa imeingia.

Akafunga mkoba, akakohoa kidogo. "Sasa, kuhusu ile hafla yetu. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tungefurahi mno ukija."

Yule dada alikuwa akikunja nakala ya amri, mara moja, mara nyingine, akaiingiza ndani ya koti upande wa kifua. "Nashukuru kwa kazi uliyoifanya," alisema, na alimaanisha, alimpa mkono. "Jumamosi nina watoto."

"Walete!" alisema mkubwa, na macho yake yakawaka. Nilimwona anaiona picha nzima: wasichana wawili, nywele zimesukwa, na yeye katikati.

"Hapana."

Safari hii hakucheka. Alisubiri kidogo kuona kama kuna anayehitaji maelezo. Mkubwa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaelekea kwenye lifti na vifuniko vyake vya mpira vikilia sakafuni. Sikusikia kwamba alirudi Alhamisi yoyote.

Tulipofika ofisini wasichana walikuwa chini, wanachora. Binti mkubwa alimsoma mama yake usoni, akarudi kwenye rangi zake. Mdogo akauliza kama wanakwenda kwa bibi.

"Siyo sasa," mama yake alimwambia. "Tunakaa hapa."

Mtoto akalia kwa nguvu zake zote. Bibi alikuwa na watoto wa mbwa, na mmoja alikuwa wake, alikwisha kupewa jina. Alilia kwamba mama yake ni mbaya, kwamba anataka kwenda kwao, na yule dada akakaa sakafuni na koti lake la mahakamani, akampakata, akamwacha aseme yote. Hakumwambia lolote juu ya baba yake. Mratibu akachukua makoti ya watoto kwenye misumari. Mimi nikatangulia kwenda kuwasha gari, lipate joto.